Nilifuata tofali Shaolin, nikapewa pumzi

MSOMAJI wangu, kama umekulia uswahilini huna haja ya kuelezwa banda la video ni kitu gani. Mabenchi ya mbao, joto la kufa mtu, televisheni moja juu ya kabati lenye wavu, na mtafsiri anayepiga kelele kuliko waigizaji wenyewe. Hapo ndipo mimi nilipoijua China. Picha ikiisha tunatoka mbio hadi uwanjani, kila mtu Bruce Lee, na kesho yake shuleni nusu ya darasa inachechemea.

Wenzangu wengi waliacha. Wengine soka liliwachukua, wengine bodaboda na majukumu. Mimi sikuacha. Tangu darasa la sita hadi nimemaliza kidato cha nne, na mpaka leo, nafanya mazoezi ya kung fu pale Magomeni chini ya mtu mmoja tunayemwita Sifu. Jina lake nalihifadhi, maana mtaani ana heshima zake. Sifu hana mchezo. Kila jioni ilikuwa ni kupiga kiroba cha mchanga, ngumi mia mbili mkono wa kulia, mia mbili wa kushoto, halafu viganja kwenye kokoto. Siku za sikukuu watu walikuwa wakijazana kumwona akipasua matofali mawili ya saruji kwa mkono mtupu. Sisi vijana wake tunavimba vichwa kana kwamba tumepasua wenyewe.

Sasa Sifu anaigonga hamsini, na stori yangu inaanzia hapo. Siku moja mwaka jana nilimkuta kwake akijiandaa kwenda msibani. Alikuwa anahangaika na vifungo vya shati. Viungo vya vidole vimevimba, havikunji. Aliponiona akacheka, akasema, "We dogo, njoo unifunge hivi vidude."

Nikamfunga vifungo vyote saba bila kumwangalia usoni. Mtu aliyekuwa akipasua tofali, leo anafungwa shati kama mtoto wa chekechea! Na kifundo cha mkono wangu wa kulia nacho kilikuwa kimeanza kunisumbua, mwezi wa tatu huo. Tena pale uwanjani kuna watoto kumi na wanne ninaomsaidia Sifu kuwafundisha. Mdogo kuliko wote ana miaka tisa, naye anapiga kiroba.

Kwa hiyo shangazi yangu, ambaye hufuata mzigo wa nguo Guangzhou kwa ajili ya duka lake Kariakoo, aliposema safari hii anataka kijana wa kumbebea, nilimpa shikamoo tatu mfululizo. Tukakubaliana nifanye naye kazi wiki moja, kisha anipe siku kumi na mbili na nauli niende kwa hao Shaolin wangu.

"Ila ukipotea huko, mimi simtafuti mtu," akasema. "Mama yako nitamwambia umeoa Mchina."

KIBEHEWA CHA CHAI

Guangzhou iko kusini, na Shaolin iko mkoa wa Henan, mbali huko katikati ya nchi. Treni ya mwendo kasi ipo, lakini pesa ya shangazi ilitosha ile ya polepole, ya kiti kigumu, unayolala umekaa. Usinionee huruma, maana raha yake ni ya pekee. Kila abiria ana chupa yake ya chai na tambi za kopo, na ndani ya behewa kuna maji ya moto ya bure. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alinikodolea macho nusu saa nzima, kisha akakunja ngumi na kuuliza, "Shaolin?" Nikaitikia kwa kichwa. Behewa zima likaangua kicheko. Kumbe si mimi wa kwanza.

Unashuka Zhengzhou, makao makuu ya mkoa, unapanda basi la Dengfeng. Haizidi saa mbili kama barabara ni shwari. Dengfeng iko chini ya mlima Song, mmoja wa milima mitano ambayo Wachina wanaihesabu kuwa mitakatifu. Pale, bwana wee, nilibaki mdomo wazi. Kwetu asubuhi barabarani unaona wanafunzi na mifagio. Dengfeng unaona watoto mistari kwa mistari ndani ya traksuti, wanarusha teke moja kwa wakati mmoja, vumbi linapaa. Shule kubwa kuliko zote za mji ule ina wanafunzi zaidi ya elfu thelathini. Hiyo ni shule au wilaya?

Hekalu lenyewe liko kilometa chache nje ya mji. Lilianzishwa mwaka 495 kwa amri ya mfalme Xiaowen, kwa ajili ya mtawa wa Kibudha aliyetoka India, Batuo. Usitegemee kila ukuta uwe wa zamani hizo. Mwaka 1928 mbabe wa kivita aitwaye Shi Yousan alilitia moto, na inasemwa liliungua zaidi ya siku 40. Majengo mengi unayoyaona yamejengwa upya. Mwaka 1982 ikatoka filamu ya Shaolin Temple ambayo Jet Li aliiigizia hapo hapo, na toka siku hiyo watu wakaanza kumiminika. Jet Li mwenyewe hakuwa mtawa, alikuwa bingwa wa wushu kutoka Beijing. Mwaka 2010 UNESCO nayo ikaliingiza hekalu na majengo mengine ya kale ya Dengfeng kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Kitu kilichonisimamisha ni sakafu. Kuna ukumbi mmoja nyuma kabisa ambao matofali yake ya sakafuni yana mashimo 48, yamebonyea kama mabakuli. Wanasema ni miguu ya watawa, kizazi baada ya kizazi, wakikita mahali pale pale. Nikayatazama, nikajisemea, hawa walikuwa na nguvu! Ninachotafuta kiko hapa.

MTU WA TOFALI

Nilipotoka nje ya eneo la hekalu nikakutana nacho kabla sijakitafuta. Jamaa mmoja mwenye nguo za kitawa, kichwa kimenyolewa kinang'aa, akanionyesha kwa simu picha zake akipasua matofali kwa paji la uso. Akaandika kwenye ile programu ya kutafsiri kwamba kwa siku tatu atanitia qi, nguvu ya ndani, niweze kupasua tofali na kuzuia mkuki kooni. Neno la kazi hiyo yote ni qigong, tamka chigong. Qi ni pumzi, hewa, uhai. Gong ni kazi, ile ya muda mrefu inayokupa ufundi.

Nikampa karibu nusu ya pesa yangu. Usinicheke msomaji, hata wewe ungempa.

Mafunzo yenyewe ni kubana pumzi. Unavuta, unaziba, unakaza tumbo, yeye anakupiga fimbo za tumbo. Usipumue! Akiona unapumua anafoka. Siku ya kwanza niliona nyota. Siku ya pili nikaanguka chini, nilipozinduka jamaa ananionyesha kwa vidole kuwa siku ya tatu bei imepanda. Nikachukua koti langu nikaondoka. Siku ile niliushika mkuki wake kwa mkono wangu. Ncha butu, na mpini unapinda kama fimbo ya kuvulia samaki. Ukiusukuma, mpini unakula nguvu yote, koo linapata kidogo sana.

Nikaingia mgahawa wa tambi, nikakaa, nikasema kwa sauti, "Mungu wangu, shangazi ataniua."

Nyuma yangu mtu akajibu, "Shangazi gani huyo, ndugu?"

Alikuwa kijana wa Lubumbashi, mwaka wake wa tatu pale Dengfeng, Kichina kinamtoka kama maji. Alipomaliza kucheka alinieleza kuwa hata matofali ya maonyesho yana siri zake. Kuna yanayokaushwa mpaka yanakuwa kama biskuti, na kuna yanayopangwa kwa nafasi katikati ili la juu lisaidie kuvunja la chini. "Kuko watu wanavunja kweli," akasema, "lakini hao hawakutafute nje ya geti." Jioni hiyo akanipeleka kwenye shule ndogo anayojifunza, wakanikubalia siku sita kwa pesa iliyobaki.

"UNAJIZIBA"

Shule yenyewe ni ua wa saruji, mabweni ya baridi, na mzee mmoja wa miaka zaidi ya sabini anayefundisha alfajiri. Niliposema "Sifu" watu wakatabasamu. Kumbe Sifu ni matamshi ya Kikantoni, ya filamu za Hong Kong. Huku Henan unasema Shifu.

Shifu akaniambia nipige ngumi hewani. Nikapiga za Magomeni, zile zenye sauti. Akaweka kiganja tumboni kwangu, akaniambia nipige tena. Kisha akasema neno moja, na Mkongo akanitafsiria:

"Anasema unajiziba. Kila ukipiga, pumzi inasimama. Anauliza, nani alikufundisha kupigana na wewe mwenyewe?"

Nikanyamaza. Miaka kumi na zaidi nimepiga ngumi nimebana pumzi, mabega yamepanda masikioni, na uzito wote unaishia kwenye kifundo cha mkono. Ndiyo maana kinauma!

Siku mbili za kwanza sikupiga kitu. Nilisimama tu. Miguu upana wa mabega, magoti yamelegea, mikono mbele kama umekumbatia mti, ulimi umegusa juu ya kinywa, pumzi inaingia na kutoka kwa pua, tumbo la chini linafutuka na kurudi. Wachina wanalihesabu eneo la vidole vitatu chini ya kitovu kuwa ghala la qi. Unaona ni kazi ya kitoto? Jaribu dakika ishirini. Dakika ya tano mapaja yanatetemeka, ya kumi jasho linatiririka na nje kuna baridi ya kung'ata masikio. Pembeni yangu mabibi wa mtaani, waliokuja na vikapu vyao vya sokoni, wamesimama hata hawapepesi.

Baada ya hapo ndiyo Baduanjin, miondoko minane ambayo Wachina wanaifanya tangu enzi za ufalme wa Song, karne nyingi zilizopita. Mmoja unainua mikono kama unabeba mbingu, mwingine unavuta upinde, mwingine unakunja ngumi taratibu huku umekodoa macho, na wa mwisho unanyanyuka kwa vidole vya miguu na kuachia visigino vishuke mara saba. Kila mwondoko una pumzi yake.

Ratiba ilikwenda hivi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kusimama na Baduanjin. Saa mbili asubuhi, kung fu yenyewe: mbio, kunyoosha viungo, kukaa farasi, ngumi, mateke, mitindo. Alasiri, kupigana kwa glovu. Jioni, dakika kumi za kutuliza pumzi na kujisugua mikono, magoti na kiuno kabla ya kwenda kula. Qigong inafungua siku na inafunga siku, kung fu iko katikati. Kwenye ngumi zenyewe unatoa pumzi fupi wakati wa kupiga, na nguvu inaanzia kisiginoni, inapita kiunoni, ndiyo inafika mkononi. Mkono unakuwa tarishi tu, anapeleka barua ambayo mwili umeiandika.

Siku ya nne nilipiga ngumi moja, ikatoka bila mabega, bila kelele. Shifu hakusema kitu, akapita kwa mtu mwingine. Mkongo akaninong'oneza, "Akikunyamazia, ujue umepata."

HADITHI NA UKWELI

Watembeza wageni watakwambia haya yote aliyaleta Damo, mtawa aliyekaa miaka tisa pangoni juu ya mlima ameutazama ukuta. Inasemwa alikuta watawa wamesinzia kwa ibada ndefu, akawapa mazoezi ya kunyoosha mishipa. Hadithi ni tamu, ila wanahistoria wanasema kitabu cha mazoezi hayo, Yijinjing, kiliandikwa karne ya 17, zaidi ya miaka 1000 baada ya huyo Damo. Ni katika karne hiyo ndipo mazoezi ya pumzi, ambayo yalikuwa ya afya na ibada, yaliposukwa pamoja na ngumi za vita.

Na hata hilo jina qigong, kwa maana yake ya leo, ni la juzi. Lilienea miaka ya 1950 kupitia kwa Liu Guizhen, ofisa aliyesema amepona vidonda vya tumbo kwa mazoezi ya pumzi, akaanzisha kituo cha kutibu wengine. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ikapigwa marufuku. Miaka ya 1980 ikarudi kwa fujo, bustani zikajaa watu, wakaibuka walimu wanaodai kutibu kila kitu na kuangusha mtu bila kumgusa. Mwaka 1999 serikali ikawashukia wengi. Mwaka 2003 ikatangazwa mitindo minne ya afya inayokubalika rasmi, na Baduanjin na Yijinjing zimo.

Nilimuuliza Shifu kuhusu hao wa kuangusha mtu bila kumgusa. Akacheka mpaka akakohoa. Mwaka 2017 kule Chengdu mpiganaji Xu Xiaodong alipambana na mwalimu wa tai chi aitwaye Wei Lei aliyekuwa akijisifia nguvu za ndani. Pambano halikumaliza hata nusu dakika, mwalimu chini. Shifu akasema pumzi haimfundishi mtu kupigana, kupigana kunafundishwa na kupigana. Kweli, alasiri hiyo kijana wa miaka kumi na sita alinichapa kwenye glovu mpaka nikaomba maji.

Siku ya mwisho nikajikaza nikamuuliza juu ya kiganja cha chuma. Akanyoosha mikono yake nikaishika. Ujanani aliifanya kazi hiyo miaka mingi, lakini mikono ilikuwa laini kama ya fundi cherehani, vidole vinacheza. Akanieleza kwamba kule hawaanzi na kokoto. Wanaanza taratibu sana, wanasugua kwa dawa ya mitishamba kabla na baada, wanapumua, na mkono ukivimba wanapumzika. Na mtoto ambaye mifupa bado inakua hawamgusishi.

Kisha akasema msemo ambao Wachina wa ngumi wote wanaujua: anayefanya ngumi bila kuifanya kazi ya ndani, uzeeni anabaki mtupu. Mkongo akatafsiri, nami nikaona vile vifungo saba vya shati.

MAGOMENI

Nimerudi. Shangazi nilimwambia ukweli wa zile pesa zilizoliwa, na mpaka leo nambebea mzigo bure kila Jumamosi.

Kwa Sifu ilikuwa ngumu zaidi. Nilifika uwanjani jioni, watoto wamejipanga.

"Shikamoo Sifu."

"Marahaba! Haya, tuonyeshe hiyo Shaolin. Tofali hilo hapo."

Nikamwambia sikuja na tofali. Nikasimama nimekumbatia mti wangu, nikawaambia watoto wasimame hivyo. Sifu akaangalia kama dakika mbili. "Nilijua naletewa simba," akasema mbele yao wote, "kumbe nimeletewa mzee wa kliniki." Watoto wakacheka. Nikameza mate, nikasema kwa adabu zote kwamba wale walio chini ya miaka kumi na mitano, kama mimi ndiye ninayewasimamia, hawatapiga kiroba tena. Sikutaja vidole vyake. Lakini aliitazama mikono yake, akaondoka bila kuaga.

Wiki mbili hakuonekana uwanjani. Msomaji, nilidhani nimempoteza mtu aliyenilea. Wengine wakaniambia nimejifanya najua kwa sababu nimepanda ndege. Usiku silali, asubuhi nasimama na watoto kumi, maana wanne walihama.

Jumatatu ya wiki ya tatu, saa kumi na mbili asubuhi, nikasikia ndala nyuma yangu. Sikugeuka. Tulipofika ule mwondoko wa kuvuta upinde nikachungulia kwa jicho la pembeni. Sifu alikuwa mstari wa nyuma kabisa, nyuma ya yule mtoto wa miaka tisa, anauvuta upinde kwa vidole visivyokunja. Tulipomaliza akasema, "Hii ni mambo ya wazee," akaenda zake. Kesho yake akaja tena.

Sikudanganyi kuwa vidole vyake vimepona. Havijapona, na anaendelea na kliniki ya hospitali kama kawaida. Qigong si dawa ya mifupa iliyokwisha. Kama wewe una presha usikubali mtu yeyote akufundishe kubana pumzi na kukaza, hiyo inapandisha presha ghafla. Pumzi iende na irudi, basi. Na kama unafanya kung fu, karate, ndondi, chochote kile, anza na dakika tano za kusimama kabla, maliza na tano baada, halafu angalia mabega yako yanakaa wapi ukipiga.

Lile tofali lipo mpaka leo. Watoto wamelifanya goli.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.